Wiki Mbili za Kwanza Ujerumani: Anza na Karatasi Ipi?

Kadi yangu ya benki ilitumwa mara mbili ikarudi mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa chumbani naisubiri. Tarishi hakupotea njia. Alifika mpaka mlangoni, akatazama safu ya masanduku ya barua, jina langu hakuliona, akageuza baiskeli yake ya njano akaenda zake. Ujerumani barua haiangalii namba ya chumba. Inaangalia jina lililobandikwa kwenye sanduku na kwenye kengele. Jirani yangu, mama mmoja wa Kituruki, ndiye aliyenishika mkono akanionyesha kwa kidole: hili lako, halina kitu. Nikachana karatasi ya daftari, nikaandika jina, nikabandika kwa selotepu. Nikaomba kadi mara ya tatu, ikafika.

Nina miaka kadhaa Leipzig sasa, na kila Septemba simu yangu hujaa maswali ya wadogo zangu wanaokuja kusoma. Nianze na benki? Nianze na chuo? Bima je? Jibu langu halibadiliki: anza na anwani. Huku karatasi huzaa karatasi, na mama yao wote ni ile inayosema unaishi wapi. Ukiikosa hiyo, benki inasita, ofisi ya wageni haikupokei, na pesa zako mwenyewe unaziona kwenye simu bila kuweza kuzigusa.

Ukiwa bado nyumbani

Tafuta chumba mara tu barua ya udahili inapoingia, usingoje viza. Kila mji wenye chuo una shirika la huduma za wanafunzi linaloitwa Studierendenwerk, nalo ndilo lenye hosteli na kantini. Omba huko kwanza. Foleni ni ndefu, lakini jina likishaingia linasogea hata wewe ukiwa Dar. Njia ya pili ni nyumba ya kuchangia, wenyewe wanaiita WG (inatamkwa "ve-ge"): kila mtu na chumba chake, jiko na bafu ni vya wote.

Kabla hujalipa hata senti, uliza swali moja: naruhusiwa kujisajili kwa anwani hii? Vyumba vingi vya kupangishwa kwa wiki chache, na hosteli nyingi za wasafiri, haviruhusu. Chumba cha namna hiyo kitakulaza, lakini hakitakuzalia karatasi. Kama huna budi kufikia huko, kichukue ukijua kwamba usajili wako bado haujaanza na viza yako inaendelea kuliwa.

Halafu matapeli. Mwenye chumba akikwambia yuko nje ya nchi, na kwamba atakutumia ufunguo kwa posta ukishamtumia dhamana, mwache. Picha nzuri, bei nzuri, haraka nyingi: hiyo ni ndoano. Dhamana halali haizidi kodi ya miezi mitatu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu. Katika tangazo utaona bei mbili, Kaltmiete na Warmmiete, yaani "kodi ya baridi" na "kodi ya joto". Ya baridi ni chumba kitupu; ya joto imejumlisha maji, taka na mara nyingi joto la ndani. Bajeti yako iipige kwa ya joto, tena uulize kama umeme na intaneti vimo.

Pesa. Viza ya mwanafunzi asiye na ufadhili hudai akaunti ya kufungwa, Sperrkonto. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, na ukifika unafunguliwa euro 992 kila mwezi. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba mwezi wa kwanza bomba hilo huchelewa kufunguka. Lazima kwanza ufike, ujisajili, upate akaunti ya kawaida, utume uthibitisho. Hapo wiki tatu zimeshakwenda, na mwenye nyumba anataka chake. Mimi humwambia mtu asafiri na angalau euro 800 mpaka 1,000 nje ya hiyo akaunti, nyingine taslimu na nyingine kwenye kadi ya benki ya nyumbani aliyoijaribu kabla ya safari. Kama huna kiasi hicho, ongea na mwenye nyumba mapema kuliko kukopa ukiwa huku.

Laini yako ya Tanzania au Kenya usiitupe. Kabla ya kuondoka, iwezeshe kufanya kazi nje ya nchi na uihakikishe, maana benki yako itatuma namba ya siri ya mara moja kwenye laini hiyohiyo siku unayoihitaji kuliko zote. Nimeona mtu mzima akihangaika siku nne na salio lake mwenyewe kwa sababu laini ilizimika angani.

Begi la mkononi, lile usiloliachia, liwe na hivi:

- pasipoti yenye viza, na barua ya udahili
- uthibitisho wa akaunti ya kufungwa au barua ya ufadhili
- uthibitisho wa bima ya afya
- mkataba wa chumba na anwani iliyoandikwa pia kwenye karatasi, kwa sababu simu huzimika
- vyeti halisi vya masomo na cheti cha kuzaliwa, pamoja na nakala zilizothibitishwa
- picha kadhaa za pasipoti
- dawa unazotumia, pamoja na cheti cha daktari

Afisa wa uhamiaji utakayekutana naye ni wa uwanja wa kwanza wa Ulaya utakapotua. Ukipitia Amsterdam, utahojiwa Amsterdam. Sanduku kubwa wakati huo liko tumboni mwa ndege, na vyeti vilivyomo humo havitakusaidia.

Kwenye sanduku kubwa, sheria za chakula za Umoja wa Ulaya ni za ajabu kidogo. Nyama na maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kabisa, kwa hiyo ile nyama kavu aliyokuandalia bibi iache nyumbani. Dagaa wakavu ruksa, samaki wakavu pia, mpaka kilo 20. Matunda mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: ndizi, nanasi, nazi, tende na durian. Embe halimo. Nazi utaivusha, embe utanyang'anywa machoni pako.

Plagi zetu za miguu mitatu haziingii kwenye soketi za huku, ila umeme ni uleule wa volti 230. Nunua adapta mbili, kisha beba na kebo ya soketi nyingi ya nyumbani. Adapta moja hapo inatosha vifaa vyote. Na koti: pita soko la Karume kwenye mitumba. Makoti mazito ya huku huishia kule, na kwa kuwa Dar hakuna anayeyataka, bei yake ni ya kutupa. Moja linatosha kukutoa uwanjani. Viatu vya baridi nunua huku.

Siku ya kutua

Ukiweza, tua siku ya kazi, tena asubuhi. Mimi nilifika Jumamosi usiku. Jumapili nikaamka na njaa, nikazunguka mtaa mzima nikidhani kuna msiba wa kitaifa: kila duka limefungwa, barabara tupu, kengele za kanisa tu. Jumapili maduka hayafunguliwi kwa sheria. Pona yako ni maduka ya ndani ya vituo vikubwa vya treni, vituo vya mafuta, na maduka ya mikate asubuhi. Siku ile nilikula kashata mpaka Jumatatu. Angalia pia Oktoba 3, Siku ya Muungano wa Ujerumani, inayoangukia palepale ambapo wanafunzi wengi wanawasili. Ikigusana na Jumapili unapata siku mbili za kufungiwa. Mambo ya namna hii yapo kwenye kalenda, ni kuangalia tu kabla ya kukata tiketi.

Kwenye tramu na treni za mjini hakuna kondakta wa kudai nauli wala mlango wa kuzuia. Usidanganyike. Wakaguzi huingia wamevaa nguo za kiraia, mlango ukishafungwa wanatoa vitambulisho. Faini ni euro 60, na "mimi mgeni" hawaijui. Tiketi nyingine za karatasi hugongwa mhuri kwenye kimashine kabla au mara baada ya kupanda; isiyogongwa ni sawa na hakuna. Ukishasajiliwa chuoni, kwa kawaida tiketi ya usafiri imo ndani ya michango ya muhula. Kabla ya hapo unajilipia.

Chumba chako, saa ya kwanza

Kabla ya kufungua mabegi, piga picha kila kitu: ukuta, sakafu, kioo chenye ufa, jiko, bafu. Mtaandikishana karatasi ya makabidhiano. Kila doa liandikwe humo. Siku ya kuhama dhamana yako itapimwa kwa karatasi hiyo.

Kisha jina. Sanduku la barua na kengele, vyote viwili. Liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa herufi zilezile. Sisi tuna majina matatu na tumezoea kuyapanga tunavyojisikia, leo la babu likitangulia, kesho limeachwa. Fomu za huku zina sehemu mbili tu, jina lako na jina la ukoo. Amua siku ya kwanza lipi ni la ukoo, kwa kufuata pasipoti, na ufanye hivyo hivyo benki, bima, chuo na kila mahali. Mwenzangu mmoja alikuwa watu wawili kwenye mfumo wa bima kwa muhula mzima.

Joto la ndani linatoka kwenye hita ya ukutani yenye kitasa chenye namba 1 mpaka 5. Namba 3 ni kama nyuzi 20, inatosha. Kuweka 5 hakuharakishi joto, kunaongeza bili. Na hata kukiwa na barafu, fungua dirisha wazi kabisa dakika tano au kumi, asubuhi na jioni, kisha ufunge. Sisi wapika maharage na mchele tunajaza mvuke, ukuta unaota ukungu mweusi, na gharama ya ukungu ni yako. Wajerumani wana neno zima la kitendo hicho na wanalizungumzia kwa uzito ambao kwetu tungeuweka kwenye mirathi.

Taka huchambuliwa: karatasi peke yake, vifungashio vya plastiki peke yake, mabaki ya chakula peke yake, mengineyo peke yake, na chupa za kioo hupelekwa kwenye kontena za mtaani kwa rangi zake, ila si Jumapili kwa sababu ya kelele. Chupa za plastiki na makopo ya soda usitupe kabisa. Nyingi zina senti 25 za amana kila moja, unazirudisha kwenye mashine dukani na kupata risiti ya kulipia vitu. Kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni ukimya. Simu ya nyumbani kwa spika saa tano usiku, mama akiwa upande wa pili Mbagala na redio nyuma yake, itakuletea jirani mlangoni.

Karatasi mama

Sheria inakupa wiki mbili tangu kuhamia uwe umejisajili. Kazi yenyewe inaitwa Anmeldung, na Waswahili wa huku tumeshaipa kiarifu chake: "umefanya anmeldung?" Inafanyika ofisi ya wakazi, mlangoni utaona Bürgeramt au Bürgerbüro. Unabeba pasipoti, fomu, na barua ya mwenye nyumba ya kuthibitisha kwamba umehamia, Wohnungsgeberbestätigung. Ni neno refu, linyofoe kutoka hapa ulionyeshe kwenye simu. Mkataba wa pango hautoshi badala ya barua hiyo, na mwenye nyumba analazimika kisheria kukupa. Iombe siku ileile ya ufunguo.

Miadi huwekwa kwenye tovuti ya mji, na Septemba na Oktoba hujaa. Weka ukiwa bado nyumbani, mara tu ukishajua tarehe ya kuhamia. Ukiambiwa hakuna nafasi mpaka baada ya wiki tano, chukua hiyo, hifadhi uthibitisho, kisha chungulia tovuti kila asubuhi mapema; watu hufuta miadi na nafasi hujitokeza. Ukichelewa huku miadi umeshaiweka mapema, una cha kuonyesha.

Kwenye fomu kuna swali la dini. Kwetu mtu huandika kwa fahari, tena huongeza na parokia. Hapa swali hilo ni la kodi: ukijiandikisha Mkatoliki au Mlutheri, siku ukianza kupata mshahara unaokatwa kodi, kanisa nalo linachukua asilimia 8 au 9 ya kiasi cha kodi hiyo, kutegemea jimbo. Mwanafunzi wa kipato kidogo kwa kawaida hakatwi chochote. Sikwambii ukane imani. Nakwambia usiandike bila kujua unaandika nini. Kusali utasali vilevile.

Kikao chenyewe hakizidi dakika kumi na tano. Unatoka na cheti cha usajili, Meldebescheinigung. Kikague pale pale mezani, herufi kwa herufi, kabla hujainuka. Baada ya wiki mbili tatu itakuja kwa posta barua yenye namba ya tarakimu 11. Hiyo ni namba yako ya kodi ya maisha, itunze kama pasipoti. Itakuja pia barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Wengi huitupa wakidhani ni utapeli, maana hawana hata televisheni. Ni halali, inatozwa kila kaya, uwe na televisheni au usiwe nayo. Ila mnaoishi nyumba moja mnalipa moja tu: uliza wenzako namba ya anayelipa, uijibu barua, mchangiane.

Benki, bima, chuo

Sasa watoto wa ile karatasi mama wanaanza kuzaliwa. Kwa cheti cha usajili na pasipoti unafungua akaunti ya kawaida. Benki nyingi zina akaunti ya wanafunzi bila makato. Kadi itakuja kwenye bahasha moja na namba ya siri kwenye bahasha nyingine siku tofauti, kwa hiyo usishtuke moja ikitangulia. Namba ya akaunti ikishapatikana, tuma kwa wanaoshika akaunti yako ya kufungwa, na euro 992 zinaanza kushuka.

Bima ya afya haina mjadala, chuo hakikusajili bila hiyo. Ukiwa chini ya miaka 30 unaingia bima ya umma kwa kiwango cha wanafunzi, kama euro 150 kwa mwezi hivi, na shirika la bima ndilo linalokijulisha chuo kielektroniki. Ukishavuka 30, na wengi wetu tunaokuja kwa uzamili tumevuka, kiwango hicho hakikuhusu tena. Zungumza na mashirika ya bima kabla ya kusafiri, na usisaini bima binafsi ya bei rahisi bila kusoma: ukishaingia huko kama mwanafunzi, kurudi bima ya umma katikati ya masomo haiwezekani kirahisi. Hapa ndipo nimeona watu wakijuta kuliko mahali pengine popote.

Chuoni utalipa mchango wa muhula, kwa kawaida kati ya euro 100 na 400. Vyuo vingi vya umma havitozi ada zaidi ya hapo, lakini jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Ukishapata kitambulisho, ingia kwenye mfumo wa chuo usiku uleule. Kujiandikisha somo ni jambo moja, kujiandikisha mtihani wa somo hilo ni jambo jingine, na lina tarehe yake ya mwisho katikati ya muhula. Hakuna mhadhiri atakayekukumbusha. Unaweza kuhudhuria kila kipindi, ukakaa mstari wa mbele, na siku ya mtihani jina lako lisiwepo.

Ofisi ya wageni

Viza uliyobandikwa mara nyingi ni ya miezi mitatu tu, mingine sita. Ndani ya muda huo lazima uombe kibali cha ukaazi kwa Ausländerbehörde. Omba wiki hiyohiyo uliyojisajili. Ukiwa umeomba kabla viza haijaisha, sheria inakulinda hata kama kadi ya kibali itachelewa, na unaweza kupewa cheti cha muda. Ukiomba baada ya kuisha, umejitia matatani mwenyewe. Utabeba pasipoti, picha, cheti cha usajili wa makazi, uthibitisho wa chuo, bima, pesa, na takriban euro 100 za ada. Na ukiwa na cheti cha muda, uliza kama kinakuruhusu kutoka nchini na kurudi kabla hujakata tiketi ya Krismasi.

Saa zao, saa zetu

Mjerumani akikwambia mkutane "halb acht", utasikia nane na nusu. Anamaanisha nusu ya kuelekea nane, yaani kwa hesabu yao 7:30, ambayo kwetu ni saa moja na nusu. Ukitafsiri harakaharaka kichwani unachelewa saa nzima, na huku mtu akichelewa dakika tano huandika ujumbe wa kuomba radhi. Uliza kwa tarakimu, andika, mwonyeshe.

Chuoni kuna mtego mwingine. Ratiba ikiandika 10 c.t., kipindi kinaanza 10:15, ikiandika s.t., ni kamili. Robo saa hiyo ya msamaha ni ya vipindi tu, usiipeleke ofisi ya wageni. Mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Dar na Nairobi wako mbele kwa saa moja. Baada ya hapo, mbili. Waambie nyumbani, la sivyo mama atakupigia ukiwa darasani.

Ukiugua

Dharura ni 112, polisi 110. Ukiumwa usiku au mwishoni mwa wiki lakini si hatari ya kufa, piga 116117, utaelekezwa kwa daktari wa zamu. Siku za kawaida unakwenda kwa daktari wa familia mtaani kwako, na ukiingia chumba cha kusubiria salimia kwa sauti, wataitikia wote. Antibayotiki hutapata dukani bila cheti cha daktari, hata ukimweleza mfamasia historia yako yote.

Kuna moja la kushika. Homa ikikupata katika wiki za kwanza, au hata miezi ya kwanza, mwambie daktari mara tu unapoketi: nimetoka Tanzania, nataka kupimwa malaria. Daktari wa huku huenda hajaona mgonjwa wa malaria kwa miaka, na Oktoba kila mwenye homa anaonekana ana mafua. Usimwache akisie.

Kazi

Kibali cha mwanafunzi kinakuruhusu siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Kazi za usaidizi ndani ya chuo hazihesabiwi humo, na ndizo za kutafuta kwanza. Kima cha chini cha mshahara ni euro 13.90 kwa saa tangu Januari 2026. Maghala yapo, na kubeba boksi si aibu. Ila muhula wa kwanza, kama mfuko unaruhusu, usianze. Wale niliowaona wakibeba boksi za usiku tangu Oktoba, Februari walikuwa wanabeba na mitihani ya kurudia.

Watu

Disemba Leipzig jua linazama saa kumi kasoro alasiri. Magharibi inaswaliwa wakati kwetu watoto ndio kwanza wanatoka shule. Giza hilo ni zito kuliko baridi, na dawa yake ni kuwa na mahali pa kwenda. Hapa mjini ni Eisenbahnstraße, mtaa wenye maduka ya Waarabu, Waturuki na Waafrika. Unga mweupe wa ugali, mihogo na nyama ya halali unavipata ndani ya mita mia chache. Ule unga wa njano wa madukani makubwa hupikika, lakini sitakudanganya.

Ukipangiwa chumba Grünau, mtaa wa hapahapa Leipzig wenye maghorofa marefu yanayofanana, usishangae ukihisi umeshawahi kuyaona. Ya Michenzani, Unguja, yalichorwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Mzanzibari niliyempeleka kule mara ya kwanza alisimama katikati ya baridi akacheka mpaka akakohoa.

Na Chuo Kikuu cha Leipzig hufundisha Kiswahili, kama vinavyofanya Bayreuth, Hamburg na Humboldt ya Berlin. Maana yake kuna Mjerumani wa miaka 21 anayetafuta mtu wa kuzungumza naye. Bandika tangazo kwenye ubao wa idara: saa moja Kiswahili, saa moja Kijerumani. Wangu alinisomea barua zote za posta kwa miezi minne, akaja nami ofisi ya wageni, akakaa kwenye kiti cha pembeni akanitafsiria swali la afisa ambalo ningelijibu vibaya. Tulipotoka nikamuuliza nimlipe nini. Akatoa daftari lake pale pale kwenye ngazi. Alitaka nimweleze kwa nini ni "macho yangu" na "marafiki zangu", wakati maneno yote mawili yanaanza na ma-.